Neno la Nane la Cadija

Saa saba mchana soko la Palma, kaskazini mwa Msumbiji, linasinzia. Jua limesimama wima juu ya mabati, wauza samaki wamefunika samaki wao kwa magunia yaliyoloweshwa maji, na mwenye nguvu ya kubishania bei saa hiyo hayupo. Ndipo Cadija Amisse anapojipangusa vumbi la mchele, anaifunika banka yake, yaani meza ya kuuzia, kwa kanga kuukuu, anachomoa kipande cha boksi kutoka ndani ya gunia na kuondoka.

Haendi mbali. Nyuma ya soko, hatua mia na kitu, kuna baraza ya fundi cherehani anayeitwa Nazira. Hapo wanawake saba wameshakaa mkekani. Wanasoma Kiarabu.

“Leo nimeleta maneno manane,” anasema Cadija kabla hata hajakaa.

“Hata Jumatano ulileta manane, na yalikuwa ya Jumanne!” anadakia mmoja wao. Baraza zima linacheka, na Cadija anacheka kuliko wote.

“Saba ndiyo ya Jumatano, nakubali. La nane ni jipya. La nane si langu, ni la Yassine.”

Kicheko kinakatika. Wote pale wanamjua Yassine, mwanawe, na wanajua kwa nini neno lake lina uzito.

Cadija ana miaka arobaini na saba. Anauza mchele kwa kopo. Hasomi ili awe mwalimu, wala hatafuti cheti. Anachotaka ni kufungua msahafu aelewe unamwambia nini, bila kuegemea tafsiri ya mtu. Nyuma ya hilo kuna jingine, ambalo mama yeyote wa pwani hii atalijua kabla hajaambiwa: ana mtoto wa kiume, na anataka mtoto huyo amuulize yeye kwanza kabla hajaamini maneno ya mtu.

Kusoma Kurani alianza zamani, kwao Quionga. Akiwa na miaka kumi na miwili alihitimu. Akavishwa nguo nyeupe, akapakwa hina, baba yake akachinja mbuzi, watoto wakamzungusha mtaani wakiimba kasida. Toka siku hiyo hakuacha. Ni miaka thelathini na mitano sasa anasoma juzuu moja kila siku, nusu kabla ya kwenda sokoni, nusu akirudi.

“Nikaitwa msomi,” anasema. “Msomi! Ungeniuliza nimesoma nini, nisingekwambia hata neno moja. Ulimi unakwenda, mimi nimebaki nje kama mtu anayechungulia harusi dirishani.”

Si yeye peke yake. Wengi tumesomeshwa hivyo, na waliotusomesha walisomeshwa hivyo. Hakuna wa kumlaumu. Lakini ubaya wa jambo hilo Cadija aliuona siku moja kwa macho yake, na hapo ndipo mama unayesoma gazeti hili unatakiwa utege sikio.

Ilikuwa kabla ya mwaka ule wa kukimbia vita. Vijana wawili wageni walikuwa wanakuja kununua mchele. Wapole, wamevaa safi, wanaamkia kila mtu. Wakishanunua hawaondoki. Wanakaa, wanazungumza na watoto wa mtaa, na kila walisemalo wanalifunga kwa maneno “Kurani imesema.” Kwamba shule ni haramu, Kurani imesema. Kwamba mzazi asiyewafuata wao si mzazi tena, Kurani imesema. Yassine alikuwa na miaka kumi na sita, na alikuwa anawasikiliza mdomo wazi.

“Nikawaambia, hapana, Kurani haisemi hivyo. Yule mkubwa akaniuliza kwa adabu kabisa: mama, ni aya gani inayosema vingine? Nikanyamaza. Kitabu kizima kiko kwenye ulimi wangu, na nimenyamaza.”

Walipoondoka, Yassine alimwambia maneno ambayo mpaka leo hayajamtoka: “Mamã, wewe unasoma tu. Hujui unachosoma.”

Mumewe, Rajabo, hakubishana na mtu. Siku ya tatu alimchukua kijana, akasema anahitaji mikono ya kuvuta nyavu, akavuka naye mpaka kisiwa cha Macaloe na kukaa naye huko miezi minne. Walipoambiwa warudi, wale wageni walikuwa wameshaondoka, na watoto watatu wa mtaa walikuwa wameondoka nao. Mama wa mmoja wao bado anamuuliza kila msafiri anayetoka Mocímboa, mji walikoelekea, kama amemwona mwanawe.

Yaliyofuata kila mtu wa Palma anayajua. Vita vilifika mjini, watu wakakimbia, waliorudi wakarudi. Cadija alirudi na mume, mtoto, msahafu na kopo lake la kupimia. Na akarudi na nia. Akamwambia Rajabo: “Mimi nitajifunza. Akija mtu tena kudanganya watoto kwa Kurani, nitamkamata.”

Mwalimu alimpata karibu kuliko alivyotegemea. Nazira ana miaka ishirini na tisa, ni mtu wa Mocímboa da Praia, alifundishwa Kiarabu na baba yake, yeye na kaka zake, akaongeza miaka minne Tanga. Siku hizi anashona yunifomu. Ada yake kwa wiki ni meticais hamsini, na asiyekuwa nazo alete alicho nacho. Cadija alikuwa analeta mchele, kopo moja kila Jumatatu.

“Siku ya kwanza niliwaambia msiogope,” anasema Nazira huku akikata uzi kwa meno. “Kiarabu nusu mko nacho jikoni. Maskini mnamjua, yatima mnamjua, sahani, kalamu, dunia, roho. Tafuteni hayo kwanza, yatawashika mkono.”

Cadija alianza na maneno manane kwa siku, kwenye vipande vya boksi. Upande mmoja Kiarabu, upande wa pili Kiswahili, kwa herufi kubwa kubwa kama za mtoto anayeanza eskola, yaani shule. Akiwa sokoni anavificha ndani ya gunia la mchele ili upepo usivichukue, na mteja akienda anachomoa kimoja na kujihoji.

Hilo lilimletea kesi. Siku moja Benilde, mama wa Kimakonde aliyeteremka kutoka bara na anayeuza muhogo mkabala naye, alinunua mchele, akaenda nao nyumbani. Baada ya nusu saa akarudi mbio, ameshika kipande cha boksi kwa ncha za vidole kama ameshika nge.

“Mana Cadija, dada yangu, nimekukosea nini? Umeniwekea dawa kwenye mchele!”

“Dawa gani?”

“Hii! Huku kuna michoro ya waganga, huku kumeandikwa ADHABU!”

Soko zima likakusanyika. Cadija alipoeleza kwamba hilo ni somo lake la Jumanne, Benilde alikaa chini, akaweka mkono kifuani. “Basi kesho jifunze neno zuri,” akasema. “Jifunze sukari.”

Lakini kesi kubwa ilikuwa bado.

Bibi yake Cadija, aliyemwachia biashara, alimwachia pia desturi. Kila asubuhi, kabla ya kumpimia mteja wa kwanza, unashika kopo mkononi na kusoma sura moja fupi, ile inayoanza kwa kuwataja wanaopima. Bibi aliambiwa na mtu kwamba hiyo ndiyo sura ya wafanyabiashara, basi akaona ndiyo ya kuvuta wateja. Cadija akaisoma kwa miaka kumi na tisa, kwa sauti, na wateja walikuwa wanangoja amalize.

Na kopo lenyewe? Ni kopo la lita moja la mafuta, limekatwa mdomo, na kitako chake kimegongwa kwa jiwe kikaingia ndani. Makopo mengi ya soko hilo yako hivyo. Ukitazama kwa juu huoni kitu, mchele umejaa pomoni. Na Cadija hakuwa mchoyo: kila kopo aliliongezea basela, ile nyongeza ya mkono mmoja ambayo mteja wa Msumbiji asipopewa anaona ameonewa. Watu walimpenda kwa basela yake.

Mwezi wa nane wa masomo, Jumatano asubuhi, Benilde alikuwa mteja wa kwanza. Cadija akashika kopo, akaanza sura yake kama siku zote.

“Neno la kwanza likanifungukia,” anasimulia. “Nilikuwa nimelisoma kwa Nazira wiki ile ile. Ole. Nikasema, ala, kumbe inaanza kwa ole. Nikaendelea. Nikasikia watu. Nikaendelea. Nikasikia uzani. Halafu mwisho wa aya nikasikia hasara. Ole, watu, uzani, hasara. Maneno manne tu. Na kopo liko mkononi.”

Alinyamaza katikati ya sura. Benilde akamtazama. “Mana, umesahau?”

“Leo siuzi,” akasema Cadija.

Akafunika banka saa moja ya asubuhi. Watu wakadhani kapata msiba, wawili wakamfuata nyuma kumpa pole. Yeye akaenda moja kwa moja kwa Nazira, akamkuta anapiga mswaki.

Nazira alipoulizwa hakutaka kujibu haraka. “Hiyo nilipanga tuifikie baada ya Ramadhani, mama Yassine.”

“Nisomee sasa hivi.”

Akamsomea, neno kwa neno. Kwamba ole ni ya wale ambao wakipimiwa wao wanataka kipimo kijae, na wakiwapimia watu wengine wanapunguza. Cadija akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Miaka kumi na tisa nimejisomea ole mwenyewe, na kwa sauti.” Halafu akakumbuka jingine, akajishika kichwa. “Na ada yako nimekupimia kwa kopo hilo hilo!”

Nazira alicheka mpaka povu la dawa ya meno likamwingia puani.

Walileta kopo zima, ambalo halijagongwa, wakalijaza mchele na kuumimina kwenye lile la Cadija. Ukabaki mikono mitatu. Basela anayotoa ni mkono mmoja. “Kwa hiyo nilikuwa nachukua mitatu, narudisha mmoja, naitwa mkarimu,” anasema, na hapo hacheki. “Nilianza kusoma ili niwakamate wanaodanganya watu. Wa kwanza kukamatwa nikawa mimi.”

Aliporudi sokoni siku ya pili alikuwa na kopo jipya. Akamwita Benilde kwanza kuliko wote, akamwonyesha la zamani, akamweleza, akamwomba radhi. Benilde akamwangalia kwa huruma, kama mtu anayepewa habari za mwaka juzi.

“Mana, kwani sisi hatuna macho? Kopo lako lina kitovu, tunajua siku zote. La Germano lina tumbo zima! Tunakuja kwako kwa sababu kitovu chako ni kidogo.”

Germano, muuza mchele wa banka ya tatu, alilisikia hilo na hakufurahi. Akaja, akasimama mbele ya Cadija. “Mama Yassine, unataka kutufungia soko? Kama umepata dini mpya, kaa nayo nyumbani kwako.”

“Dini ni ile ile, Germano. Mimi ndiye nilikuwa siisikii.”

“Basi utakula kopo tupu.”

Hakukosea sana. Gunia la kilo ishirini na tano lilikuwa linamtolea makopo thelathini na manne. Sasa linatoa ishirini na tisa. Alipandisha bei kwa meticais tano, na wiki tatu za mwanzo wateja walimpita kama hawamjui. Kisha wakaanza kurudi mmoja mmoja, wengi wao wakiwa wametumwa na Benilde. Mauzo yake leo ni gunia moja na nusu kwa wiki, zamani yalikuwa mawili. Hawezi kusema ameshinda. Anasema wanakula, na samaki wa Rajabo wanasaidia.

Lakini mtu aliyemhofia si Germano. Ni Yassine. Kijana sasa ana miaka ishirini na miwili, anatengeneza mota, kama pikipiki zinavyoitwa huku, na hajaoa. Cadija alijua soko litampelekea habari, akaona heri aisikie kwake. Ijumaa ile, baada ya sala, walipokaa kula, akamwambia yote: kopo, sura, bibi, ada ya Nazira.

“Nilisema moyoni, sasa basi. Sasa ana haki ya kutonisikiliza maisha.”

Yassine aliacha kula. “Kwa hiyo, Mamã, kila asubuhi ulikuwa unajilaani mbele ya wateja?”

“Ndiyo, baba.”

“Na wao wanaitikia amina?”

Rajabo ndiye aliyeanza kucheka, wali ukamtoka mdomoni. Wakacheka wote watatu mpaka jirani akachungulia. Yassine akajifuta machozi, na jioni ile akachukua lile kopo la zamani na kumtengenezea kuku chombo cha maji.

Miezi mitatu ikapita. Alhamisi iliyopita, saa ya chakula cha mchana, Yassine alikuja bankani, mikono ina grisi, akampa mama yake simu.

“Mamã, sikiliza huyu. Sauti yake imezungushwa kule gereji. Anasoma aya halafu anaeleza. Anasema Kurani imeamuru mtu awaache wazazi wake kama hawako upande wake. Imo kweli?”

Mama mwenzangu, hapo ndipo pa kushika moyo. Miaka sita imepita, sura ya msemaji imebadilika, na maneno ni yale yale.

Cadija alisikiliza mara tatu. Sauti ile ilisoma vizuri, kwa mahadhi. Aya inasema wazazi wakikushikilia umshirikishe Mungu, usiwatii. Hapo sauti ikakata, ikaanza kueleza. Lakini ulimi wa Cadija, uliosoma aya hiyo kwa miaka thelathini na mitano bila kuielewa, haukukata. Uliendelea wenyewe.

“Nikamwambia, baba, huyu ameishia njiani. Aya haijaisha. Mbele yake kuna maneno. Akaniuliza, yanasemaje? Nikayaangalia. Dunia nalijua. Wema nalijua, Nazira alitufundisha. Lakini neno linaloanza hapo sikulijua lote. Linanukia sahibu, rafiki, ila lina mkia, na mkia wake siujui.”

Angeweza kukisia. Mtoto yuko mbele yake, anangoja, na jibu analolitaka yeye mama liko karibu mno na ulimi. Hakukisia.

“Nikamwambia: hilo neno silijui. Usilifuate la huyu, wala usilifuate la kwangu. Ningojee Jumatatu, somo likianza tena.”

“Akasemaje?” anauliza Nazira. Tumerudi barazani, na leo ndiyo Jumatatu.

“Akasema sawa. Akachukua simu yake, akaenda kazini.”

“Na amengoja?”

“Jana kaniuliza mara mbili kama Jumatatu imeshafika.”

Nazira anapokea kipande cha boksi. Neno la nane limeandikwa kwa mkono wa Cadija, limepinda kidogo. Cherehani imesimama. Wanawake wote saba wameinamia mkeka.

“Umelinusa vizuri,” anasema Nazira. “Ni huyo huyo sahibu. Anaambiwa kijana: fuatana nao, suhubiana nao. Na huu mkia maana yake ni wote wawili. Baba na mama. Unganisha sasa na yale unayoyajua.”

Cadija anaunganisha polepole, kidole kikitembea. Wakikushikilia kwa hilo usiwatii. Na ukae nao wote wawili, duniani, kwa wema.

Anasoma mara ya pili.

“Hata mzazi aliyekosea,” anasema mmoja pembeni.

“Hata huyo,” anajibu Nazira.

Cadija anageuza boksi, anaomba kalamu, anaandika upande wa pili kwa herufi zake kubwa. Mpango wake anao. Ramadhani ijayo ikifika anataka awe amemaliza juzuu ya mwisho yote kwa kuelewa, halafu ndipo aanze mwanzo wa msahafu. Kwa maneno manane kwa siku, na mengine yakirudiwa, anahesabu miaka saba. Anataka pia baraza ya Nazira ipate mkeka wa pili, kwa sababu ameshaongea na mama wengine watano, na mmoja wao ni yule anayewauliza wasafiri wa Mocímboa.

“Nawaambia wasingoje kujua yote,” anasema. “Mimi sijui yote. Wajue kiasi cha kusikia mtu anapokata aya. Na wakiulizwa wasilolijua, waseme silijui. Mtoto anaona.”

Mwadhini wa alasiri bado. Somo halijaisha, lakini Cadija ameshasimama, anajifunga kanga. Pembeni ya soko Benilde anamwona kwa mbali, anainua mfuko wake mtupu.

“Mana! Mteja ni mimi! Fungua banka!”

“Ningoje, Benilde! Napita gereji kwanza!”

Kipande cha boksi hakukirudisha kwenye mchele. Amekifundika kwenye pindo la kanga, na anatembea amekishika.